Swichi ya Chilongani na Kata ya Kwanza

Hapo zamani, na msinitolee macho, si zamani ya mababu. Ni zamani ya juzi tu, pikapu za dizeli zikiwa zimeshazeeka. Palikuwa na kijiji katikati ya nchi kavu, mahali ambapo mawingu hupita kama mgeni mwenye haraka zake. Wanawake walimaliza asubuhi nzima njiani kufuata maji, na maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai.

Basi mchimba visima mmoja, Ndahani, akasema, "Nitachimba hapa hapa kijijini mpaka maji yatoke." Watu wakacheka. Akachimba. Watu wakachoka kucheka. Akachimba. Shimo likawa refu, ukichungulia unaona kofia yake tu.

Lakini huko chini kulikuwa na hewa nzito, ile inayomlaza mtu bila hata kumuaga. Ikatafutwa feni ya umeme na bomba refu la plastiki, hewa safi ikapelekwa chini. Umeme wa feni ulitoka kwenye pikapu ya dizeli ya Sechelela, mwanamke aliyekuwa akibebea watu zabibu na mahindi. Injini ikinguruma polepole, betri inachoka, feni inalegea. Injini ikinguruma kwa nguvu, feni inavuma. Kwa hiyo ilibidi mtu akae garini kutwa nzima akikanyaga mafuta.

Na binadamu hapendi kukaa. Wakaweka jiwe juu ya pedali. Jiwe likaanguka, feni ikalegea, Ndahani akavutwa juu akitapika. Wakaweka jiwe kubwa zaidi. Nalo likaanguka, feni ikalegea, Ndahani akavutwa juu hajitambui. Jiwe halina akili, sawa, lakini aliyeliweka mara ya pili tumwiteje?

Chilongani, fundi umeme wa magari, akaenda kwa mwenye pikapu.

"Dada Sechelela, nikufungie swichi. Ukiibonyeza, sailensa, ule mngurumo wa gari likiwa limesimama, inapanda. Injini inashika mngurumo mkubwa yenyewe, bila mguu wa mtu. Ukigusa breki, inarudi chini."

"Fundi, gari yangu haitobolewi."

Kesho yake akarudi. "Dada, swichi."

"Haitobolewi."

Kesho kutwa akarudi. Akamkuta anakula, akakaa chini, akasubiri amalize. "Dada, swichi."

"We mtu una roho ya kupe! Haya, toboa. Ikiharibika utanibeba mgongoni."

Akatoboa dashibodi. Akafunga sumaku ya umeme ya kuvuta mkono wa pampu ya dizeli. Akabonyeza, injini ikapiga kelele hadi kuku wakakimbia. Akafungua, akarekebisha. Akabonyeza, injini ikapanda, ikashuka, ikazima. Akafungua tena, akarekebisha. Akabonyeza, injini ikapanda, ikatulia pale pale, ikanguruma. Chilongani akafuta jasho, akasema, "Ila rejeta yako inavuja, dada. Itengeneze kwanza." Sechelela akajibu, "Nitaitengeneza." Hakuitengeneza.

Ikafika siku ya mnada. Kijiji kizima kilikwenda mnadani, na Chilongani naye. Ndahani alikataa kupumzika, maana udongo ulikuwa umeanza kulowa. Juu walibaki watu wawili. Wa kwanza Sechelela na pikapu yake, swichi imebonyezwa. Wa pili Mama Nyemo, aliyekuja kuwaletea uji. Mama Nyemo ni mama mkwe wake Ndahani.

Hapo nisikilizeni vizuri. Kwa desturi ya kwao, mtu na mama mkwe wake hawagusani. Wakikutana njiani, mmoja hupisha kichakani. Hata uji ule, Mama Nyemo aliuweka mbali, akageuka pembeni.

Mara udongo wa ukutani ukaporomoka. Ndahani akalia mara moja, akanyamaza. Wakachungulia. Amefukiwa mpaka mapajani, kichwa kimelala begani.

Kamba ilizungushwa kwenye gogo lenye mkono wa chuma. Mmoja ashuke, mmoja azungushe gogo. Nani akanyage mafuta? Hakuna. Swichi ikakanyaga.

Mama Nyemo akajifunga kanga kiunoni. "Nishushe, mwanangu."

"Mama, yule ni mkweo!"

"Nimeona. Nishushe."

Gogo likazunguka, injini ikanguruma. Mama Nyemo akafukua kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Akamkumbatia mkwewe kifua kwa kifua, akampitishia kamba makwapani, akapiga kelele, "Vuta!" Yeye akabaki chini, kamba ni moja.

Sechelela akainua macho, akaona, kupitia mlango wa pikapu uliokuwa wazi, mshale wa joto umeingia kwenye nyekundu. Maji ya rejeta yalikuwa yakichuruzika chini ya gari. Akizima injini, ataiokoa pikapu, na waliomo shimoni watakosa hewa. Alikuwa na pikapu hiyo tu duniani. Akaipa mgongo, akazungusha gogo. Ndahani akatoka, akalazwa kivulini, akavuta pumzi. Kamba ikarudishwa chini. Mama Nyemo alipokuwa nusu ya njia, injini ikapiga kishindo, ikafa. Feni ikanyamaza. Sechelela akazungusha gogo akilia, mpaka mkono wa mama ukashika ukingo wa shimo.

Pale ulipoporomoka udongo, maji yakachimbuka. Kisima kikajengewa zege, ikawekwa siku ya kukifungua. Na kwao ni hivi: mchimbaji huteka kata ya kwanza, humpa mtu mmoja anywe, na kisima huitwa kwa jina la mtu huyo daima. Kata haigawanywi.

Chilongani akasimama. "Nipe mimi. Nilikataliwa nikarudi, nikakataliwa nikarudi. Bila swichi, mguu wa Sechelela ungekuwa kwenye pedali. Nani angezungusha gogo? Lile jiwe?"

Sechelela akaruka. "Swichi bila injini ni kifungo cha shati! Wewe ulikuwa mnadani unakula nyama choma. Mimi niliona mshale, nikajua, nikaacha iungue. Leo nabeba mahindi kichwani. Na swichi yako ndiyo iliyoiua."

"Nilikwambia rejeta!"

"Uliniambia, ndiyo. Na ningeizima, ungekuwa sahihi na Ndahani angekuwa kaburini."

Watu wakamgeukia Mama Nyemo. Alikuwa amekaa peke yake. Tangu siku ile, wanawake wa rika lake hawakumwita tena kupika kwenye harusi, na watoto walimtungia wimbo.

"Mimi sina swichi wala injini," akasema. "Nilikuwa na heshima yangu. Nilishuka nayo shimoni, sikupanda nayo. Mkinipa kata, sawa. Msiponipa, mkwe wangu yu hai, na mwanangu Nyemo si mjane."

Mzee mmoja akaguna. "Na atampaje? Mkwe ampe mama mkwe maji mkononi, mbele ya kijiji kizima? Si ndiyo kuvunja mwiko mara ya pili?"

"Au ndiyo kuufuta," akajibu mkewe.

Kelele zikapanda. Ndahani akainama, akateka, akasimama na kata imejaa mkononi. Akimpa fundi, mwenye pikapu atakunywa maji ya kisima kilichomlia mali yake, nacho kina jina la mtu mwingine. Akimpa mwenye pikapu, fundi atasema kijiji hakina shukrani kwa mwenye akili. Akimpa mama mkwe, nusu ya watu wataondoka na ndoo tupu. Akimnyima, yeye mwenyewe atawezaje kunywa?

Basi ninyi mnaotafuna karanga zangu, msitazamane. Kata ni moja, koo ni tatu, na Ndahani amesimama anawangoja ninyi. Je, nani alistahili?