Mbwa Miguuni pa Mfalme

Nimetumiwa hadithi hii asubuhi, nami naipitisha kwako kwa mpangilio uleule, bila kuruka hatua.

Mfalme Rukonge alimwagiza mchoraji Nyamizi amchore kwa vikao saba. Siku ya nane, mbele ya baraza zima, pazia lililofunika picha liliondolewa. Mfalme alionekana kitini, kidevu juu. Pichani hapakuwa na waziri hata mmoja. Miguuni pake alilala mbwa mwembamba, sikio moja limechanika.

"Huyu ana maana gani?" Mfalme aliuliza.

Waziri Mbogoma alikohoa. "Mtukufu, katika picha za kale, mbwa miguuni ni uaminifu. Unasifiwa."

Waziri Lwanda alitikisa kichwa. "Mwenzangu amesahau makaburi ya kale zaidi. Humo mbwa huwaongoza wafu. Unatabiriwa kifo."

"Na michoro ya karamu je?" alidakia Waziri Sikazwe. "Mbwa chini ya meza ni ulafi. Unatukanwa."

Mfalme alitabasamu, kisha akajishika kifua, kisha akalitazama tumbo lake.

"Sasa mimi ni mwaminifu, maiti, au mlafi?"

"Huenda vyote vitatu, Mtukufu," alisema Lwanda, akajuta papo hapo.

Mfalme, akiwa amechanganyikiwa kabisa, alimgeukia mchoraji. "Nyamizi, nieleze. Usiponiridhisha, picha itachomwa, nawe utahama nchi yangu leo."

Nyamizi alipiga goti. "Mtukufu, wote wameuliza maana yake. Hakuna aliyeuliza alifikaje hapo."

"Haya, alifikaje?"

"Uliniamuru nimchore pamoja nawe kila atakayehudhuria vikao vyote saba, bila kukosa hata kimoja. Mheshimiwa Mbogoma alihudhuria kimoja. Mheshimiwa Lwanda, viwili. Mheshimiwa Sikazwe alituma salamu. Mbwa wa mpishi wako alihudhuria vyote saba. Wewe ulikaa kidevu juu, ndiyo maana hukumwona."

Mawaziri walitazamana, kisha wakatazama sakafu.

Kwa mara ya kwanza tangu atawazwe, Mfalme aliinama, akachungulia chini ya kiti chake. Sikio lililochanika lilitikisika kidogo. Mbwa alikuwa amelala palepale.

"Itundikeni," alisema Mfalme.

Funzo: Kabla ya kubishania maana ya jambo, uliza kwanza lilifikaje hapo, kwani mara nyingi anayelifafanua kwa kirefu ndiye ambaye hakuwepo.