Ubao wa Muthaiti

Wahenga hawakuutaja ubani bure. Ubani hufukizwa nyumba ikanukia, lakini kitu kikishaoza, hata ukikifukizia mchana kutwa, uvundo wake utarudi pindi moshi ukitawanyika. Ndivyo ulivyo uovu. Mtu aweza kuupamba, kuupaka rangi na hata kuuapia, ila mwisho huwafikia watu puani. Mburu, fundi mashuhuri wa mjini Nyeri, alilisikia neno hilo tangu utotoni, lakini aliliacha lipite kama upepo.

Kagure alikuwa mkulima wa majani chai na kabichi huko Wamagana. Mumewe, Kingori, alikuwa na pikapu kuukuu aliyoipenda kama mboni ya jicho lake. Ndiyo iliyopeleka mazao yao sokoni Karatina, na ndiyo iliyomkimbiza Kagure hospitalini kila uchungu wa uzazi ulipomshika. Dashibodi yake ilikuwa imepasukapasuka kwa jua mithili ya tope lililokaukia bwawani. Upepo ulipoung'oa mti wa muthaiti uliosimama mpakani mwa shamba tangu enzi za babu yake, Kingori aliupasua mbao, akachagua ubao mmoja uliomvutia, akauweka ghalani ukauke polepole. Huo, alisema, ndio utakaoivisha pikapu nguo mpya. Muthaiti una harufu ya kafuri, kali na tamu kama dawa ya kifua, na kila aliyeingia ghalani alilakiwa nayo. Lakini kabla ubao haujakauka sawasawa, Kingori aliugua ghafla, akaaga dunia.

Mvua za vuli zilipokwisha, Kagure alijifuta machozi, akaamua kuyatimiza aliyoyatamani mumewe. Aliubeba ubao ule hadi kwa Mburu, ambaye kazi yake ilikuwa kuchonga mapambo ya mbao ya ndani ya magari. Mburu alimpokea kwa maneno ya asali. Alimpa pole ya msiba, akausikiliza mkasa wa mti ule toka shina hadi tawi, huku akiupapasa ubao kama mtu anayepapasa ng'ombe wa mnadani. Alimhakikishia kwamba angeishughulikia kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe, akamwomba aiache pikapu.

Kagure aliporudi kuichukua, alisimama mlangoni mwa gari akashindwa kuingia. Dashibodi iling'aa kama kioo. Harufu ya muthaiti ilikuwa imejaa ndani hata ikamtoa machozi, na kwa muda aliona kana kwamba Kingori ametoka tu kwenye kiti kile na kwamba angerudi. Alimshika Mburu mkono kwa mikono yake miwili, akamwombea baraka.

Baraka hizo hazikudumu. Harufu ilianza kufifia, na mwezi haukuisha kabla haijatoweka kabisa. Kagure alijilaumu, akadhani ni pua yake iliyozoea. Kisha likaja jua la Januari. Siku moja akiwa Karatina, akisubiri wanunuzi wa kabichi, aliona pembe moja ya dashibodi imejikunja. Aliigusa kwa kidole. Ikachunika kama ganda la kitunguu. Lilikuwa karatasi la plastiki lililochorwa mistari ya mbao, na chini yake palikuwa na unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Katika upenyo wa nyuma palichomekwa donge la pamba. Kagure alilinusa. Lilikuwa limelowekwa mafuta ya kafuri, nayo yalikuwa yamekauka.

Hasira ilimpanda hadi akahisi ladha ya chuma kinywani. Wizi wa ubao peke yake angeweza kuuelewa, kwa kuwa wezi wapo kila mahali. Lililomchoma ni ile pamba. Mtu alikuwa ameketi, akaufikiria msiba wake, akapima ni harufu kiasi gani ingetosha kumnyamazisha mjane. Naye alikuwa amemwombea baraka mtu huyo.

Alimwachia jirani yake Waithira kabichi zote, akaendesha moja kwa moja hadi Nyeri.

Karakana ilikuwa na wateja. Miongoni mwao alikuwa Ayub, mwenye hoteli, aliyekuwa benchini akingoja gari lake lipigwe msasa wa mwisho. Kagure aliliweka donge la pamba juu ya meza ya Mburu bila salamu.

"Ubao wa mume wangu uko wapi?"

Mburu alicheka kidogo, akawageukia wateja kana kwamba anawaomba radhi. Alieleza kwa upole kwamba majonzi humfanya mtu aone yasiyokuwapo. Kagure alipomwonyesha lile karatasi lililochunika, Mburu aligeuza wimbo. Sasa ubao ulikuwa umeliwa na mchwa, naye kwa huruma yake aliona heri amsitiri mama wa watu kuliko kumvunja moyo. Akamwita fundi wake mzee, Dawud, aje aape mbele ya wote kuwa ubao ule ulikuwa umeoza.

Dawud aliweka msasa chini, akajifuta vumbi mikononi.

"Nilikuuliza ubao ule umetoka wapi, ukaniambia umeununua," alisema. "Ulikuwa mzima. Mkono wangu ndio ulioukata. Nikiapa uongo leo, kesho nitauinua vipi mkono huu kumwomba Mungu? Mama, ubao wako umo ndani ya gari la Ayub, hapo nje."

Kagure alitoka, akafungua mlango wa gari lile, na harufu ikamjia kabla hajainama. Aliweka kiganja juu ya ubao akabaki hivyo. Mburu alimfuata mbiombio mkono ukiwa mfukoni, akinong'ona kwamba mambo haya huzungumzwa, kwamba angemfidia.

"Ati fidia?" Kagure alisema kwa ghadhabu. "Mti huu uliota kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Utaupanda lini, ukue lini? Ungeniibia ukanyamaza, ningekuita mwizi tu. Lakini ulinipa pamba ninuse."

Ayub, ambaye alikuwa amesikia yote, alimwambia Dawud aung'oe ubao ule palepale, kwani hawezi kuendesha gari huku kilio cha mtu kimewekwa mbele yake.

Hata hivyo, kilichokatwa hakirudi kuwa kizima. Vipande vilikuwa vimechongwa kwa mapindo ya gari lingine, wala havikuingia kwenye pikapu. Dawud aliacha kazi kwa Mburu siku ileile, akaviunga kimoja kimoja barazani kwake hadi vikatosha upande wa dereva. Maungio yalionekana. Kagure alimshukuru kwa moyo wote, lakini kila alipoyatazama maungio yale, hasira iliamka upya, naye hakuona sababu ya kuibembeleza ilale.

Mburu naye alihangaika kujisafisha. Alieneza kwamba mwizi ni Dawud. Alipopuuzwa, alipaka karakana rangi mpya, akabadilisha jina kwenye kibao, akatoa mchango mnono kanisani na kuhakikisha umetangazwa. Wenye magari walisoma kibao kipya, wakakumbuka pamba, wakapita. Kila alipojipamba upya, watu waliulizana anaficha nini, hadi milango ya karakana ikafungwa na nyasi zikaota kizingitini. Rangi haikumfaa, viapo havikumfaa, kafuri haikumfaa. Hakika, la kuvunda halina ubani.