Fisi Aliyetaka Kujazwa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa nyumba ya makumbusho, unaingia kwa miguu, unatoka kwa mbio!

Basi alikuwapo Pimbi, mnyama mdogo asiyefika hata magotini. Bibi yake alikufa zamani, mifupa yake ikawekwa makumbusho, juu ya meza, watu waje waitazame. Pimbi alimpenda sana bibi yake. Kila mchana, mlinzi akienda kula, yeye hujipenyeza mlangoni, nyata nyata nyata, amwamkie.

"Shikamoo, bibi."

Siku hiyo akasikia nyuma yake: kwata! kwata! Ni Fisi, udenda unamtoka, chururu, chururu.

"Mpwa wangu, nimenusa mifupa!"

Pimbi akajisemea moyoni: Huyu atamtafuna bibi yangu! Lakini akacheka tu.

"Karibu, mjomba. Mifupa mikavu hii ya nini? Hapa wageni hujazwa."

"Hujazwa?"

"Mpaka shingoni! Mtazame Simba yule pale jukwaani, na wenzake."

"Kajazwa?"

"Kajazwa."

"Na Nyati?"

"Kajazwa mpaka mashavu."

"Na Chui?"

"Kajazwa, kisha wakamshona asimwagike."

"Mbona hawasemi?"

"Kwa shibe ile, mjomba, utasema nini?"

Fisi akaona wivu, wivu mbaya. "Na mimi nijazwe!"

"Panda pale penye nafasi. Simama kimya, usipepese macho. Anayetikisika huambiwa hana njaa."

Fisi akapanda. Kimya! Udenda tu, chururu, chururu.

Mara wakaingia mafundi wawili wa makumbusho na gunia. Mmoja akasema, "Kumbe fisi wetu kafika! Mbona bado hajajazwa?"

Fisi moyoni: Waambie, baba, waambie!

"Wenzetu wa asubuhi wavivu hao," akasema wa pili. "Shika miguu. Mimi napasua tumbo, wewe leta pamba na sindano."

"Pamba?" akauliza Fisi.

Lo! Mafundi yowe, gunia chini, pu! Wao wakatokea mlangoni, Fisi dirishani, chwaa! Mpaka leo anatembea kainamisha makalio, anaficha tumbo.

Pimbi akarudi mezani. "Pole kwa kelele, bibi," akasema, akamfuta vumbi la puani. Akakaa naye kidogo, machozi yakimlengalenga kwa furaha.

Hadithi yangu imefika nyumbani. Iliyo tamu gawaneni, iliyo chungu nirudishieni niitie sukari.

Na funzo lake, watoto: mgeni ukiandaliwa, tulia ule. Fisi aliondoka mapema, akalala njaa.