Nzige Hapigwi Mkuki

Nzige hapigwi mkuki. Ni maneno matatu tu, wajukuu zangu, lakini jana mliyasikia redioni yakimkalisha mtu chini. Mbunge mmoja alitaka nchi ijaze mizinga ya vita mipakani na kuachana na vikao na nchi jirani, mwenzake akamjibu kwa methali hii, basi. Sasa mnataka kujua ilitoka wapi. Nitawasimulia kama nilivyosimuliwa na mama mkwe wangu.

Chanzo chake ni ushindi.

Zamani nchi ya Bukange ilipakana na nchi ya Ilomwa kwenye bonde la mto Mwale. Mtemi wa Bukange aliitwa Lugendo, na mkuu wa jeshi lake alikuwa Kasanda, mtu wa maneno machache, mwenye askari mia sita, ambaye hakuwahi kushindwa. Lugendo alikuwa na msemo wake kwamba jirani mwema ni yule anayekuogopa. Mwaka mmoja akamwamuru Kasanda avuke mto. Kasanda akavuka, akachoma vijiji tisa, akawafukuza Wailomwa wote waliolima bondeni. Katika vita hivyo alimuua kwa mkono wake Shigela, kaka yake Mtemi Kalunde, mwanamke aliyeitawala Ilomwa.

Tangu hapo bonde likawa pori. Hakuna mtu wa huku wala wa kule aliyethubutu kulima. Lugendo alipoliona limenyamaza alifurahi, akasema huo ndio ukuta wake.

Mwaka wa tatu nzige wakaja. Walitokea upande wa bonde, wakalifunika jua kabla mtama haujakomaa. Kasanda akatoa jeshi lake lote. Askari walipiga ngoma, wakagonga ngao, wakawasha moto wa nyasi mbichi. Wengine, kwa hasira, walirusha mikuki juu kwenye wingu lile, na mikuki ikarudi chini ikajichomeka kwenye udongo. Alasiri ilipofika, mashamba yalikuwa mabua matupu.

Njaa iliyofuata ilimchukua Nyanzala, binti yake Kasanda, mtoto wa miaka minne. Baba yake ndiye aliyemchimbia kaburi. Kasanda alikuwa amezika askari wengi, lakini siku ile alipomaliza kufukia alibaki amechuchumaa pale, hajui aende wapi.

Mvua zilipokaribia, alishuka bondeni kukagua mpaka. Kwenye ukingo wa mto aliona mchanga umetobolewa vitundu vingi kama chekeche. Akachimbua kwa kidole, akatoa mayai membamba mfano wa punje za mchele. Akavuka. Ng'ambo mayai yalikuwa mengi zaidi. Kasanda alizaliwa katika nyumba ya wakulima, hivyo alielewa alichokuwa anakiona. Mvua ikinyesha, mayai yale yangetoa tunutu, nzige wachanga wasio na mabawa, na mwezi mmoja baadaye wangeruka. Zamani wakulima wa bonde waliyafukua mayai kwa majembe, na tunutu waliwasukumia kwenye mitaro wakawafukia. Wakulima hao aliwafukuza yeye.

Alimweleza Mtemi wake. Lugendo akasema, "Basi chukua jeshi, uitwae na ng'ambo."

"Mtemi, askari wakishika mikuki, nani atashika majembe? Kazi hii inataka watu elfu nne, na njaa imetupunguza. Tukisafisha upande wetu peke yetu, watakuja nzige wa upande wa pili."

"Unataka nimpigie magoti Kalunde?"

"Nitakwenda mimi."

"Atakuua."

"Huenda," akasema Kasanda.

Alivuka peke yake, mikono mitupu. Wailomwa walimkamata, wakampeleka kwa Mtemi wao. Kasanda akapiga makofi ya heshima, akaeleza habari ya mayai. Kalunde alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kaka yangu amezikwa wapi?" akauliza.

"Sijui, Mtemi."

"Na mimi sijui. Mlikichoma kijiji chote, hatukuweza kumtambua." Kisha akauliza, "Kwako nzige wamemchukua nani?"

"Binti yangu."

"Kwangu wamechukua watoto mia na zaidi." Akawatazama wazee wake, kisha akamrudia. "Watu wangu watatoka na majembe, lakini kwanza warudishiwe bonde lao, na askari wenu wasilikanyage tena. Mjumbe wangu atamwambia Lugendo. Wewe utabaki hapa. Akikataa, utakufa kabla ya tunutu."

Mjumbe akatumwa. Kasanda alikaa siku tatu ndani ya kibanda chenye walinzi. Siku ya tatu mvua ya kwanza ilinyesha, naye akaisikiliza ikigonga nyasi za paa huku akihesabu siku zilizobaki. Alimfahamu Lugendo. Mtu yule hakuwahi kurudisha hata mbuzi.

Siku ya nne kundi kubwa lilionekana likishuka kilima cha Bukange. Walinzi wakakamata silaha. Kasanda akakaza macho. Mabegani aliona mipini, lakini juu yake hapakuwa na ncha. Yalikuwa majembe. Wanawake walikuwemo, wazee walikuwemo, na mbele yao Lugendo akitembea kwa miguu, amekubali kulirudisha bonde, maana njaa ya pili ingeimaliza nchi yake.

Walichimba siku kumi na moja, Wabukange na Wailomwa katika mtaro mmoja. Tunutu walitoka wakitambaa kama maji meusi. Watu wakawaswaga kwa matawi, wakawafukia, wakachimba tena. Baadhi waliponyoka na kula mashamba ya kusini, lakini mwaka ule watu wa nchi zote mbili walivuna.

Siku ya mwisho Kasanda alimfuata Kalunde, ambaye alichimba kama wengine. "Mtemi, umenisamehe?"

"Hapana," Kalunde akasema. "Nimefanya kazi na wewe. Hayo ni mambo mawili."

Kasanda akainamisha kichwa. Aliliona jibu hilo ni la haki, na hakuuliza tena maishani mwake.

Miaka ikapita. Lugendo akafa, mwanawe akatawala. Mtama wa Wailomwa ulikuwa umestawi bondeni, na katika baraza vijana wa jeshi wakamshauri mtemi mpya autwae. Walisema Bukange ina mikuki mingi kuliko wakati wowote, na jirani asiyeogopa ni hatari. Mtemi akamgeukia Kasanda, ambaye sasa alikuwa mzee na macho yamefifia.

"Mnaweza," Kasanda akasema. "Mimi niliweza, kwa siku mbili tu. Nikawatoa watu waliokuwa wakiulinda mchanga ule kwa ajili yao na kwa ajili yetu, na mwanangu akafa. Mtu mtamfukuza kwa mkuki. Lakini yako mambo yanayovuka mpaka bila kuuona, na siku hiyo mtamhitaji yule mliyemfukuza. Nzige hapigwi mkuki."

Mwaka ule jeshi halikuvuka mto.