Nyamera Alivyopanda Kichuguu

Zama hizo nyamera hakujua kupanda kitu chochote. Nyinyi mnamwona leo amesimama juu ya kichuguu, kifua mbele, shingo juu, kama bwana harusi anayesubiri kupigwa picha, mnadhani alizaliwa hivyo. Hapana. Alikuwa mnyama wa kuinamisha kichwa. Alianza kula majani yakiwa na umande, akamaliza jua likizama, na ukimwona ameinua uso, ujue ni nzi amemkera. Vichuguu vya uwandani vilikuwa na wenyewe wa aina mbili tu: mchwa waliovijenga, na Machaba aliyevipanda.

Machaba huyu alikuwa mwindaji, kwa maana kwamba alitoka nyumbani na wawindaji na akarudi nyumbani na wawindaji. Mishale yake haikuwa na ugomvi na mnyama yeyote. Siku aliyolenga swala alipiga mti, na uwanda ule, jamani, ni mpana, hauna miti, kwa hiyo hata kuupata ule mmoja ilikuwa ni kipaji. Lakini alikuwa na macho. Aliona mkia ukitikiswa mahali ambapo wewe na mimi tungeona vumbi tu. Na alikuwa na marafiki wawili waliotahiriwa naye msimu mmoja: Makuru, fundi wa upinde, mtu mzito ambaye sifa ilimtoka mdomoni kwa shida kama jino, na Sarya, mwembamba, mkimbiaji, mwenye utani hata msibani.

Sasa, kuwinda kwenye uwanda mtupu si kama kuwinda porini. Hakuna pa kujificha. Wale watatu walikuwa na mtindo wao. Makuru na Sarya walitambaa kwa tumbo ndani ya majani, pua ardhini, hawaoni mbele wala nyuma, ila kumtupia Machaba jicho kila hatua. Machaba alisimama juu ya kichuguu, mbali, akawaongoza kwa mikono. Mkono wa kulia ukinyooshwa, wanakwenda kulia. Wa kushoto, kushoto. Mikono tumboni, lala usipumue. Na mkono ukiwekwa juu ya kichwa: inuka, piga. Wanyama walimwona, lakini hawakumjali. Kwao alikuwa kisiki chenye masikio.

Kwa mtindo huo walikula nyama misimu mingi, mpaka siku ya siafu. Machaba alikuwa juu, kundi liko chini, wenzake wamekaribia kabisa, ndipo siafu mmoja akapanda mguuni. Machaba akavumilia. Siafu akawaita ndugu zake. Walipofika mahali ambapo mwanamume havumilii, Machaba alinyoosha mkono wa kulia, akanyoosha wa kushoto, akajishika tumbo, akajipiga kichwani, akazunguka, akaruka, akaanza upya. Makuru na Sarya, watu watiifu, walifuata kila ishara. Walikwenda kulia, wakaenda kushoto, wakalala, wakainuka, wakarudi walikotoka, mpaka wakakutana uso kwa uso katikati ya kichaka cha upupu, pinde zimevutwa, kila mmoja amemlenga mwenzake. Nyamera waliacha kula wakawatazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mnyama kuingia kwenye tamasha bure.

Sarya alicheka huku akijikuna. Makuru alijikuna tu. Alimwambia Machaba kwamba safari ijayo akiharibu tena, atabaki nyumbani na mbuzi, wao watatafuta macho mengine. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtia Machaba baridi. Mtu huyu hakuwa na upinde wa kujivunia wala mbio za kujivunia. Alichokuwa nacho duniani ni wale wawili, na ile nafasi yake juu ya kichuguu.

Basi siku ikafika. Upepo mzuri, majani marefu, nyamera wamejaa uwandani. Machaba alikagua kichuguu chake kila tundu, akapanda. Wenzake wakazama kwenye majani.

Katika kundi lile palikuwa na jike mmoja mzee, mapaja meusi kama yaliyowekewa viraka vya masizi, pembe moja imekatika ncha. Msimu uliopita alipoteza ndama wake hapohapo, na tangu wakati huo alikuwa na jambo analoliwaza. Alikuwa amegundua kwamba kisiki kile kinapotikisika, mmoja wao hulala asiamke. Wengine walikula. Yeye aliinua kichwa akamtazama Machaba, na hakukuwa na nzi.

Machaba aliona macho yale akahisi ametazamwa na mama mkwe. Akajikaza, akanyoosha mkono wa kulia. Wenzake wakatambaa kulia. Jike akageuza shingo kulia. Akanyoosha wa kushoto. Jike akageuza kushoto. Kisha, taratibu, kama mzee anayepanda ngazi ya nyumba asiyoiamini, jike yule akakiendea kichuguu kilichokuwa karibu naye. Akaweka kwato moja. Mchanga ukaporomoka. Akaweka tena. Mara akawa juu, miguu yote minne imebanana kileleni, na upepo ukapuliza manyoya ya shingo yake.

Hapo alikuwa jirani kabisa na upinde wa Makuru. Mnyama mzima, ubavu wazi, hatikisiki. Hata Machaba mwenyewe angempata, au tuseme angemkaribia. Makuru alikuwa amelala chali kidogo, macho kwa Machaba, anangoja mkono upande kichwani. Mkono ukaanza kupanda. Ukafika begani.

Machaba akamwona yule jike akifanya kazi. Hakutazama ovyo ovyo. Alianza mbali, akarudi karibu, akapitisha macho polepole upande hadi upande, bila kuruka mahali, vilevile kabisa kama Machaba alivyojifunza kwa miaka bila kufundishwa na mtu. Akawaona wale wawili kwenye majani. Hakushtuka. Kwanza aliangalia ndama wako wapi. Akangoja mmoja aliyelala ainuke. Ndipo akakoroma mara moja, na kundi zima likageuka na kuondoka upande ambao hapakuwa na mtu. Yeye aliteremka wa mwisho.

Mkono wa Machaba ulikuwa bado begani.

Jioni walikaa na moto usio na nyama. Sarya, kwa huruma yake, akamtupia kamba rafiki yake. Akamuuliza kama ni siafu tena. Ilikuwa njia nyeupe, na Machaba angeweza kupita.

“Leo hapakuwa na siafu,” akasema.

Makuru akatupa kijiti motoni. “Ulimwona?”

“Nilimwona.”

“Na mkono?”

“Ulikataa, ndugu yangu. Kazi ile nimeifanya tangu tukiwa vijana, nikadhani ninaiweza. Sijawahi kuona mtu akiifanya hivyo. Ningempigaje?”

Makuru akamimina unga kwenye maji ya ugali yaliyochemka. Kisha akasema kesho Machaba atawaonyesha huyo fundi, na kama ni mnyama wa kawaida tu aliyepanda tuta la udongo, basi mbuzi wanamsubiri.

Asubuhi watatu hao walipanda kichuguu kimoja, wamebanana kama kuku kwenye tenga, kiwiko cha Sarya mbavuni mwa Makuru. Kundi lilikuwa mbele yao linakula. Jike mzee alikuwa juu. Ndama walilala chini ya kivuli chake. Fisi wakaja kwa upande wa bonde, wamejikunja, wanatembea kama watu wanaokwenda kukopa. Jike aliwaona hata Machaba hajawaona. Akakoroma, kundi likasogea, fisi wakasimama wazi, wakaona aibu, wakarudi.

Jua lilipopanda likatokea jambo ambalo Makuru hakulitegemea. Nyamera dume alitoka kwenye majani, akaja chini ya kile kichuguu, akasimama. Jike akateremka, akaanza kula. Dume akapanda mahali pake.

“Wanapokezana zamu,” Sarya akasema polepole. “Machaba, sisi tulikupokea lini?”

Jibu walikuwa nalo wote. Makuru alitazama lile dume, akamtazama jike anayekula kwa raha, mwishowe akamtazama rafiki yake aliyesimama miaka yote hiyo juani ilhali wao wanatambaa kwenye majani mabichi na kurudi na sifa. Akaulegeza uzi wa upinde wake.

“Aliye juu hapigwi,” akasema. Halafu, kwa shida, kama anang'olewa jino: “Awe wao, awe wetu. Kaa chini, Machaba. Leo naangalia mimi.”

Na kuanzia asubuhi ile nyamera hawakuviacha tena vichuguu. Mama alimwonyesha ndama, ndama akamwonyesha wa kwake, na leo ukivuka uwanda utamkuta mmoja yuko juu ya kichuguu huku wenzake wanakula. Nyumbu na pundamilia wamejua, wanajisogeza karibu kula usalama wa wengine. Simba wanamwona kutoka mbali, wanatukana, wanalala. Na wawindaji wa nchi ile, hata mwenye njaa iliyomkunja tumbo, akikuta nyamera juu ya kichuguu huteremsha upinde, humpungia mkono wa salamu, kisha huenda kutafuta kitoweo upande mwingine. Nyamera hajibu salamu. Yuko kazini.