Jeneza la Siwema

Hapo zamani, tena zamani yenyewe si ya mbali, mji mmoja ulikatwa mapande matatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Hospitali nazo tatu, kila rangi na yake. Basi Uswahilini alikuwako dobi, jina lake Feruzi. Miaka kumi na miwili amefua mashuka ya hospitali ya Wazungu, lakini kitanda cha humo hajapata hata kukigusa.

Asubuhi moja bintiye Siwema, mtoto wa miaka saba, alikuwa anaanika mashuka majanini, nyoka akamgonga mguu. Hospitali ya Waafrika iko ng'ambo ya mto, na mto umefurika. Feruzi akambeba mgongoni, huyoo, mbio hadi Uhindini kwa Bwana Nazarali, muuza dawa.

Sindano ya kuzuia sumu ya nyoka anayo, ile pale kabatini!

"Feruzi ndugu yangu," Nazarali akasema, "hii ni ya Wazungu tu. Nikikupa, serikali inanifungia duka. Wanangu wanane watakula nini? Kimbilia hospitalini kwao."

Akakimbia. Getini kasimama Mloka, bawabu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

"Nikikufungulia, leo leo sina kazi," Mloka akasema. "Ngoja nikuombee ruhusa."

Akaenda, akasimama kwa adabu mpaka daktari akamaliza chai. Akarudi na ruhusa. Masikini Siwema, alikuwa ameshakata roho mgongoni kwa babaye.

Wakati wa maziko Nazarali akaja, Mloka akaja, wote wanataka kubeba jeneza.

"Tokeni!" Feruzi akafoka. "Mmeniulia mwanangu!"

"Sheria niliitunga mimi?" Nazarali akauliza.

"Mimi angalau niliomba," Mloka akasema.

Ngojeni, kuna jambo sijawaambia. Bi Arafa, mama wa marehemu, akamgeukia mumewe.

"Na wewe? Kabla ya kumbeba, mtoto analia kwa uchungu, wewe unatia makaa kwenye pasi, unanyoosha kanzu yako ya kuvaa!"

Feruzi akaangua kilio. "Nani Uhindini au Uzunguni angenisikiliza na nguo za kazi, mke wangu?"

Bi Arafa akasimama mlangoni, kauziba. "Mmoja kati yenu nyie watatu hatagusa jeneza la mwanangu."

Haya, semeni nyie. Wala msiniambie ni wale waliotunga sheria. Hao hata msibani hawakuja. Je, kati ya hawa watatu, nani alistahili kuzuiwa?