Kibuyu cha Ngedere na Mlango wa Hondohondo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, ya mtu mwenye uji mdomoni? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama wa msituni walikuwa na mchezo wao. Mmoja anachukua kibuyu kidogo, anatia kitu ndani, unyoya mzuri, jino bovu, chochote. Anakificha. Kisha anapanda juu ya kichuguu, anataja mahali. Wenzake wanatafuta. Anayekiona anachukua kilichomo, anatia chake, anakirudisha palepale. Basi. Mchezo mzuri, hauna ugomvi.

Hauna ugomvi mpaka aje mjuaji. Na mjuaji alikuwepo. Ngedere.

Digidigi alikuwa akificha chini ya jiwe, kando ya njia. Unainua jiwe, unaona kibuyu, unarudisha jiwe. Ngedere alicheka mpaka akashika tumbo. "Huko ndiko kuficha? Hata Konokono anakiona, tena akiwa amelala! Ngojeni changu. Mtatafuta mpaka mzeeke."

Sasa, kwenye mvule mmoja aliishi Hondohondo na mkewe. Mnajua wenyewe hondohondo wanavyolea. Mke anaingia tunduni. Wanaziba mlango kwa udongo, unabaki ufa mwembamba wa kupitisha mdomo. Humo ndani mke ananyonyoka manyoya ya mbawa. Hawezi kuruka. Anaatamia, anangoja. Mume anakwenda, anarudi. Tunda moja, anakwenda. Tunda la pili, anarudi. Akifika anagonga, ko! ko! Mke anajibu, ko! Basi mume anajua mke mzima, mayai mazima.

Asubuhi moja Hondohondo akamkuta Ngedere chini kidogo ya mlango wake, mikono imejaa udongo.

"Wewe! Unatafuta nini kwangu?"

"Napunga upepo tu, jirani."

"Upepo gani wa matope?"

Ngedere akachekacheka, akateremka. Hondohondo alikuwa mwepesi wa hasira, lakini mke alikuwa na njaa. Akaruka zake. Fuo, fuo, fuo.

Alikuwa juu ya mkuyu, tunda mdomoni, aliposikia sauti kutoka kichuguuni. "Mvule mkubwa! Tundu lililozibwa kwa udongo! Wa kwanza ndiye mwamba!"

Tunda likamponyoka. Puu!

Akarudi mbio. Akakuta nini? Ngiri amefukua mizizi yote ya mvule. Kaambiwa tundu, yeye anachimba! Nyani wamebandua magome. Na Nyegere yuko juu, anaparua mlango. Kwaru! Kwaru! Udongo unaporomoka. Nyegere akaingiza pua.

"Nimekipata! Nimekipa... jamani, kibuyu kina mdomo!"

Chwaka! Bi Hondohondo akamdonoa. Nyegere akaanguka kama gunia.

Lakini mlango ulikuwa wazi. Ndani, mama asiyeweza kuruka, pamoja na mayai mawili. Na kwenye tawi la pili, Kenge alikuwa ameshatoa ulimi.

Hondohondo akatua mlangoni, akamwelekezea Kenge mdomo. "Jaribu!" Kenge hakujaribu. Hakuondoka pia.

"Nani amewaleta hapa?"

"Ngedere," Nyegere akasema, ameshika pua.

"Mimi?" Ngedere akaruka. "Tundu langu lile pale chini! Nimeliziba kwa mikono yangu. Kosa la Nyegere, hajui kutafuta."

"Na kwa nini uzibe kwa udongo kama mimi?"

"Ili wachanganyikiwe kidogo. Ndio utamu wa mchezo, jirani."

"Yaani ulijua wataanza kubomoa kwangu."

Ngedere akatazama mkia wake.

"Usitazame mkia, mkia haukufanya kitu. Ulijua?"

"Nilijua."

"Angekuwa mkeo humo ndani, ungeuonja utamu huo? Lete udongo!"

Ngedere akaleta. "Mkavu!" Akaleta. "Una mawe!" Akaleta. Bi Hondohondo akaupokea, akaupaka kwa ndani, akasema, "Huu unanuka kama wewe. Lete mwingine." Chini, Digidigi akaanza kurudishia udongo mizizini. Ngiri akaona aibu, akamsaidia. Mlango ukazidi kuwa mdogo, mdogo, ukabaki ufa. Kenge akameza mate, akaenda zake.

Hondohondo akagonga. Ko! ko!

Kimya.

Akagonga tena. Ko! ko!

Ko!

Ndipo akapumua.

Siku ya pili Ngedere akapanda kichuguu, kifua mbele. "Kibuyu changu je? Hakuna aliyekiona! Nimeshinda!"

"Umeshinda," Hondohondo akasema. "Hakuna aliyekiona, na hakuna anayekitafuta. Nenda kakitoe mwenyewe, na tundu ulizibue."

Wenzake wote wakaenda kuinua jiwe la Digidigi. Ngedere akapanda mvule peke yake. Akabandua udongo wake, akakiona kibuyu chake. Wa kwanza! Mwamba huyo!

Basi sikieni, wadogo kwa wakubwa. Ukificha kitu, kifiche mahali ambapo anayekitafuta hatavunja, hatachimba, hatabandua. Na kabla hujaficha, uliza: hapa anaishi nani? Usipouliza, huo si ujanja, ni ujinga unaojisifu.

Hadithi yangu nimeiacha hapa. Ukiiokota, irudishe ulipoikuta.